Ndege ya Sarakasi kwa Hewa ya Nakuru

Hii ni ndege ndogo ya modeli ya umeme, inayoongozwa kwa rimoti. Nakuru tuko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Propela ya inchi 12 inayovuta vizuri Mombasa, hapa inalegea. Mimi hufunga ya 13, kisha napima ampea, yaani umeme unaovutwa na mota, ndege ikiwa imefungwa chini. Zikipita uwezo wa kidhibiti mwendo (kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwa mota), rudi kwa ile ndogo, usibishane nayo.

Mwili ni foamu, mbawa zina fimbo ya kaboni. Gundi kidogo! Wengi hujaza uzito hapo.

Sogeza betri mpaka ndege itulie vidoleni, ukiweka vidole chini ya mbawa, robo ya upana wa bawa (mbele hadi nyuma) kutoka ukingo wa mbele. Ukitaka ipinduke kwa wepesi zaidi, rudisha betri nyuma milimita chache tu.