MGB ya zamani: anza na milango, rangi itasubiri

Kabla hujafungua bonneti ya MGB, lile gari dogo la spoti la Kiingereza, unayotaka kuinunua, fungua mlango wa dereva. Ufunge polepole huku ukiangalia ule mwanya wa nyuma, baina ya mlango na fenda. Ukiuona mpana chini na mwembamba juu, gari limebonyea katikati kama kitanda cha kamba kilicholegea. Hapo rangi iwe inang'aa vipi, mwenye gari aape vipi, chini kumeoza.

Mimi sikuangalia. Yangu ni ya 1968, ya paa la turubai, nyekundu, rimu za spoku. Niliiona hapa Uingereza, nikaizunguka mara mbili, nikatoa pesa. Wiki ya pili nikapitisha sumaku chini ya mlango: ikaanguka. Nikakwangua kwa bisibisi, ikatoka filla, ule udongo wa kuzibia mashimo ya bodi, na nyuma ya filla magazeti yaliyoshindiliwa yakapakwa rangi. Nimekulia gereji ya uani ya mjomba wangu, Majengo, Mombasa, na nilijiona najua kutu. Ile ya kwetu huletwa na upepo wa bahari, huanzia juu ukaiona. Ya huku huanzia chini, kwa chumvi inayomwagwa barabarani majira ya baridi ili kuyeyusha barafu. Mjomba alikuwa akisema rangi ni kanga, mwili uko ndani. Nilimkumbuka nimeshachelewa.

Kisa cha milango kinaanzia Abingdon, mji mdogo kusini ya Oxford, ambako kampuni ya MG ilihamishia kiwanda 1929. MGA, gari lililotangulia, lilikuwa na chesisi yake, yaani fremu ya chini, na bodi ikakalia juu. MGB ilipotoka 1962, wabunifu wake, Syd Enever na Don Hayter, waliiondoa chesisi. Bodi yenyewe ndiyo ikawa mifupa. Gari likapata nafasi zaidi ndani, lakini lile la turubai halina paa la kulishika juu, kwa hiyo mzigo wote unabebwa na sili, yaani ile mihimili ya bati chini ya milango. MGB GT, iliyotoka 1965, ina paa la bati, nayo huvumilia zaidi. Kiwanda kilifungwa Oktoba 1980, baada ya kutoa zaidi ya MGB nusu milioni, nyingi zikaenda Marekani. Ni sheria za huko zilizoleta bampa nyeusi za mpira mwishoni mwa 1974 na kuliinua gari zaidi ya inchi moja. Watu huzidharau hizo. Mimi namwambia mwenye pesa kidogo anunue hiyo ya bampa nyeusi yenye sili nzima, aachane na ya bampa za kromu iliyojaa magazeti.

Sasa kazi. Usikate chochote kabla ya kulikaza gari lisijikunje. Mimi nilikata upande wa kushoto gari likiwa limekaa juu ya jeki mbili tu. Jioni mlango haukufunga tena, na nikapoteza wiki tatu kulirudisha. Fanya hivi: toa betri, chomoa nyaya za alteneta, na shusha tangi la petroli, ambalo limefungwa kwa bolti chini ya buti. Kwenye za bampa za kromu kama yangu, betri ni mbili za volti sita, chini ya sakafu nyuma ya viti, na masanduku yake huoza pia, basi yakague ukiwa hapo hapo. Weka stendi nne chini ya sehemu nzima, uhakikishe gari limekaa sawa kwa pima maji. Kisha chukua bomba la chuma la mraba, ulichomelee kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kukatiza uwazi wa mlango. Kama mwanya wa juu umeshabanika, inua katikati kidogo kidogo kwa jeki mpaka mianya ilingane, ndipo uchomelee. Fanya upande mmoja ukamalize, ndipo uende wa pili.

Sili ya MGB si bati moja. Kuna bati la nje unaloliona, kuna ukuta wa kati wenye matundu, na chini yake kuna reli yenye mikunjo kama meno ya ngome. Vyote vitatu hufanya kazi pamoja. Fundi wa haraka atakuuzia kipande cha kufunika kati ya fenda mbili, akichomelee juu ya uozo. Usikubali. Sili inapita ndani ya fenda ya mbele na kuingia chini ya ile ya nyuma, na ncha hizo ndizo zinazooza kwanza, kwa kuwa matope ya magurudumu hulala hapo. Fenda ya mbele imefungwa kwa bolti; ipulizie mafuta ya kulegeza kutu siku mbili kabla, maana zile bolti za karibu na kioo zitakutoa machozi. Ya nyuma imechomelewa, kwa hiyo utakata kipande chake cha chini na kutia kipya.

Safisha kingo mpaka chuma kiwe cheupe, paka rangi ya zinki inayostahimili kuchomelewa, kisha shika bati jipya kwa vibano na skrubu. Rudisha mlango kabla ya kuchomelea. Ufungue, ufunge, uite mtu mwingine aufunge. Ukiridhika, choma vidonda vidogo vidogo vya hapa na pale, usikimbize mstari mmoja mrefu. Joto hukunja bati na mlango utakusuta. Ukimaliza, puliza nta ya kuzuia kutu ndani ya sili mpaka itoke kwenye vitundu vya kutolea maji, halafu vizibue vitundu hivyo kwa waya.

Kama mikono yako haijazoea kuchomelea, au uozo umefika hadi kwenye vishikio vya springi za nyuma, piga hesabu kwanza. Tangu 1988 British Motor Heritage hutengeneza bodi mpya ya MGB kwa vifaa vya asili. Si rahisi, lakini kuna magari ambayo kuyaganga bati moja moja kunagharimu zaidi.

Injini ndiyo starehe. Ni ya cc 1798, ukoo mmoja na ile ya Austin Cambridge aliyokuwa akiifungua mjomba, kwa hiyo mikono yangu ilijikuta nyumbani. Kuanzia mwisho wa 1964 krankshafti yake, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, hushikwa na beringi tano badala ya tatu, tafuta hizo. Mwanya wa valvu ni milimita 0.38 injini ikiwa baridi. Kuna hesabu ya tisa: valvu ya 1 ikiwa imefunguka kabisa, pima ya 8, ya 3 ikifunguka, pima ya 6. Jumla siku zote ni tisa. Mwanya wa pointi za distributa weka milimita 0.35 hadi 0.40. Petroli yenye risasi, iliyokuwa ikilinda viti vya valvu, haiuzwi tena huku, kwa hiyo hedi (kichwa cha injini) ikifunguliwa mwambie fundi wa mashine aingize viti vigumu vya valvu za ekzosi.

Kabureta ni mbili za SU, na watu huziogopa bure. Toa vichungio vya hewa. Pandisha jeti, kile kijibomba cha petroli, mpaka ilingane na daraja la koo la kabureta, kisha shusha nati yake mizunguko miwili kamili. Washa, injini ipate moto. Chukua mpira mwembamba, weka ncha moja sikioni na nyingine mdomoni mwa kabureta, sikiliza mvumo. Rekebisha mpaka zote mbili zivume sawa. Sasa inua pistoni ya kabureta kidogo mno, chini ya milimita moja. Injini ikipanda mbio na kubaki juu, petroli ni nyingi, pandisha nati. Ikilegea kutaka kuzima, ni kidogo, ishushe. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha hapo, usiiguse tena.

Viti, turubai na zulia vyote hununuliwa, sina la kukufundisha. Ila nguzo za magurudumu ya mbele zina chuchu za grisi tatu kila upande. Ziwekee grisi kila maili 3,000, magurudumu yakiwa hewani ili grisi ipenye.

Rangi nilipiga mwaka wa tatu. Mlango wa kushoto, ule niliokosea, bado unahitaji kusukumwa kwa goti asubuhi za baridi.