SOMO: Namna ya kurekodi kwa fedha za mashabiki wako mwenyewe (wanamuziki wa Mtwara na Lindi)

Ndugu zangu, hili somo nimeliahidi muda mrefu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha muziki hapa Mikindani. Tuko sita: magitaa mawili, waimbaji wawili, ngoma mbili. Tumerekodi mara mbili kwa fedha za watu wanaotupenda. Mara ya kwanza tuliharibu, ya pili tukafanikiwa, na nitaeleza zote mbili kwa sababu kuna wenzangu wanakaribia kuanza.

Kumlipia mwimbaji kabla wimbo haujatoka si jambo geni kwetu. Watu wanamtunza mwimbaji wa taarabu jukwaani, kamati za harusi zinapita na kadi za mchango, unyago ukifika ukoo mzima unachangishana. Wenzetu wa nje walilipeleka jambo hilo mtandaoni. ArtistShare ilianza Marekani 2003, na albamu ya Maria Schneider, mwanamuziki wa jazi, iliyogharimiwa na mashabiki kupitia mtandao huo ikashinda tuzo ya Grammy 2005 bila kupitia madukani. Uholanzi walikuwa na SellaBand, 2006: shabiki ananunua sehemu ya dola 10, zikifika dola 50,000 msanii anaingia studio. Ilifilisika 2010. PledgeMusic nayo ilianguka 2019, na wasanii wengi hawakupata fedha ambazo mashabiki wao walikwishatoa.

Nimeutaja mtandao huo wa mwisho kwa sababu nasi tuliwaumiza watu wetu. Fedha za mchango wa kwanza zilikaa kwenye laini ya simu ya mwenzetu mmoja, pamoja na fedha zake za nyumbani. Akafiwa. Nani angemwambia asiguse? Rekodi ikachelewa miezi mitano na watu wakaanza kutuuliza sokoni. Tangu hapo nashikilia neno moja: fedha ya shabiki ni amana. Hatua zote hapa chini zinatoka humo.

Hatua ya 1. Anza na wimbo, mchango baadaye. Rekodi wimbo mmoja kwa simu, mazoezini, bila kupamba. Weka simu juu ya kiti, mita mbili hivi kutoka kwa mwimbaji, ngoma zikae nyuma zaidi. Watumie watu. Anayekujibu kwa kuuliza "huu unatoka lini?" ndiye mchangiaji wako. Andika jina lake.

Hatua ya 2. Bajeti, na iwe wazi kwa kila mtu. Hii ni yetu ya mara ya pili, nyimbo nne, kwa shilingi:

Studio siku 4 kwa 80,000: 320,000
Miksi na masta (kusawazisha sauti na kukamilisha rekodi), nyimbo 4 kwa 70,000: 280,000
Nauli na chakula, watu 6 kwa 8,000, siku 4: 192,000
Picha ya jalada: 50,000
Usajili na kuweka nyimbo mtandaoni: 60,000
Akiba, asilimia 10: 90,200

Jumla 992,200, tukaiweka 1,000,000. Yaani watu 200 kwa 5,000. Mtu akiona hesabu hiyo anajua 5,000 yake inakwenda wapi, haoni kama anaombwa.

Mtashangaa kwa nini studio siku nne kwa nyimbo nne. Siku moja nzima ni ya ngoma. Mara ya kwanza hatukuihesabu. Ngozi ya ngoma zetu inakazwa kwa moto, kila mpigaji wa sindimba analijua hilo. Studio ina kiyoyozi na milango imefungwa. Ukipiga mara mbili tatu ngozi inalegea, sauti inakuwa nzito kama debe lililolowa. Ndani huwezi kuwasha moto. Basi mpigaji anatoka na ngoma yake uani, anawasha makuti, anaizungusha polepole juu ya ndimi za moto huku akiigonga kwa kidole akisikiliza, anarudi mbio kabla haijapoa. Prodyuza anamsubiri na saa zinahesabiwa. Lipieni siku hiyo mapema, na mwambieni prodyuza kabla, azime kiyoyozi wakati wa ngoma.

Hatua ya 3. Mahali pa kuweka fedha. Sajilini kikundi, mpate cheti, kisha mfungue akaunti ya benki ya kikundi. Benki itataka katiba, cheti na muhtasari wa kikao. Wekeni watia saini watatu, na hakuna kutoa fedha bila wawili. Kwenye simu tumieni lipa namba ya kikundi, msitumie namba ya mtu. Hapa sina mjadala.

Hatua ya 4. Msimu. Usichangishe mwezi wa pili. Kusini kwetu fedha inatembea kuanzia mwezi wa kumi, minada ya korosho ikianza na malipo ya AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) yakiingia kwenye akaunti za wakulima. Sisi mara ya pili tulitangaza wiki mbili baada ya malipo ya kwanza. Nanyamba, Tandahimba, Newala, watu walituma bila kukumbushwa. Mara ya kwanza tulitangaza wakati wa kulima na kupalilia, mtu yuleyule aliyetupenda akawa hana hata nauli.

Hatua ya 5. Daftari. Kaunta buku moja, safu tano: jina, kiasi, tarehe, namba ya muamala, na ulichomwahidi. Kila Ijumaa napiga picha ukurasa, nafunika namba za simu, nawatumia wachangiaji wote. Kuna mzee mkulima aliyetuma 5,000 akanipigia: "Nimeliona jina langu, mstari wa kumi na saba." Wiki ileile aliniletea wachangiaji wengine tisa kutoka kijijini kwake.

Hatua ya 6. Ahadi ndogo unazoweza kutimiza. Wa 5,000: nyimbo zote siku tatu kabla ya watu wengine. Wa 20,000: jina lake ndani ya jalada. Wa 50,000: anaalikwa mazoezini, anakula nasi. Usiahidi fulana kama hujui bei ya kuchapa fulana.

Hatua ya 7. Toa fedha kwa awamu. Prodyuza apate nusu mkianza, robo sauti za waimbaji zikiisha kurekodiwa, robo ya mwisho akikabidhi masta pamoja na faili za kila chombo, kwa WAV (sauti kamili isiyobanwa), si MP3 peke yake. Bila faili hizo, siku mkitaka kurekebisha wimbo mnaanza upya na fedha ya watu.

Hatua ya 8. Kukabidhi. Wa mjini mtumie kiungo. Wa vijijini, nenda na memori kadi, au mpe kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo orodha ya majina ili wachangiaji wasilipishwe.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Masasi: Shikamoo kaka. Je, sisi tulioko huku tunaweza kufungua kampeni Kickstarter tuchangiwe na wazungu?

Marahaba mdogo wangu. Kickstarter, mtandao wa Marekani wa kuchangisha fedha, haimruhusu mkazi wa Tanzania kufungua kampeni mwenyewe. Nchi zinazoruhusiwa zina orodha yake na yetu haimo. Wanaopitia huko wana mwenzao anayeishi nchi iliyo kwenye orodha, na fedha inaingia kwenye akaunti yake. Mkiamua hivyo, andikianeni mkataba kabla. Pia kule lengo lisipofika hupati chochote, na likifika mtandao unakata asilimia 5 pamoja na gharama za malipo. Anzeni na watu wenu. Ndugu waliotoka Masasi wakaishi Dar wanatosha kuanzia.

Mwanachama, Nachingwea: Tunataka kurekodi nyimbo za asili za Wamwera tulizofundishwa na bibi zetu. Mashabiki wakishachanga, wimbo ni wa nani?

Swali zuri sana, dada. Mchangiaji amenunua rekodi kabla haijatoka. Hajanunua wimbo, na hilo liandikeni kwenye tangazo lenyewe. Wimbo mliotunga wenyewe ni wenu, sheria ya hakimiliki ya 1999 inawalinda maisha yenu yote na miaka 50 baada yake. Usajilini kwenye Ofisi ya Hakimiliki. Nyimbo za asili ni za jamii nzima. Sheria hiyohiyo inazilinda nazo, kwa hiyo kabla ya kuzirekodi kibiashara mwoneni afisa utamaduni wa halmashauri awaelekeze kuhusu kibali cha BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa). Na kwenye jalada andikeni wimbo umetoka kijiji gani na bibi gani aliwafundisha, kama ameridhia. Bibi huyo naye awe kwenye bajeti, apate posho kama mpiga gitaa.

Mwanachama, Lindi mjini: Je, mkichangisha msipofikisha lengo mnarudisha?

Tuliandika toka mwanzo: tukifika 500,000 tutatoa nyimbo mbili, tusipofika hata hapo tutarudisha. Ndiyo maana fedha haiguswi kabla ya tarehe ya kufunga. Jueni pia kwamba kurudisha kuna makato ya kutuma, yahesabuni. Na msijidanganye na ahadi. Kwetu, katika kila watu kumi walioahidi, saba ndio walitoa.

Mwanachama, Kilwa Masoko: Mwalimu, mbona usisubiri nyimbo zikuingizie mtandaoni halafu urekodi nyingine?

Kwa msanii mdogo malipo ya kusikilizwa mtandaoni ni senti kidogo kwa kila mara, na yanachelewa. Nyimbo zetu nne zimo mtandaoni, nafurahi zinasikika mbali, lakini hazijalipa hata siku moja ya studio. Wale 200 ndio waliolipa.

Mwanachama, Mtwara, Magomeni: Mchangiaji akifariki kabla wimbo haujatoka mnafanyaje?

Ilitutokea. Ni yule mzee wa mstari wa kumi na saba. Tulikwenda msibani, na baada ya arobaini nikapeleka memori kadi kwa binti yake. Akaiweka kwenye redio ya baba yake pale barazani, tukausikiliza wimbo wa kwanza mpaka mwisho. Kwenye daftari nimeandika: amekabidhiwa.