Kupanda Vilima vya Ngong mwezi wa Novemba

Panda matatu ya 111 pale mjini Nairobi mapema, saa kumi na mbili na nusu ikikukuta njiani. Novemba ni vuli na mvua hupenda kushuka alasiri; mimi ifikapo saa saba nataka niwe nimeshateremka. Ukifika mjini Ngong, chukua boda hadi lango la msitu, ulipe kiingilio, kisha uombe askari wa msitu akusindikize. Usiende peke yako, tafadhali.

Kinachowashinda wengi ni viatu. Mwaka jana nilivaa raba zilizolika soli. Mteremko wa pili ukanikalisha kwenye tope, kiganja kikachubuka. Siku hizi napitisha ukucha chini ya soli kabla ya kutoka: usiponasa kwenye meno, kiatu kinabaki nyumbani. Wakati wa kushuka kaza kamba, vidole visigonge mbele.

Ukipita mitambo ya upepo vaa jaketi, hata jua likiwaka. Lamwia, kilele kirefu kuliko vyote, kina mita 2,460. Kula viazi vyako hapo: kulia Bonde la Ufa, kushoto Nairobi yote. Maganda rudi nayo mfukoni.