Ukizima miale ya SSB, hesabu RACH upya: mwongozo kwa mafundi wa 5G

Tuseme una seli ya 5G ya 3.5 GHz kwenye miteremko ya Marangu, inayotazama nyanda za Himo. Miale nane, yaani mikondo ya redio inayoelekezwa pande tofauti. Umeagizwa upunguze matumizi ya umeme usiku, na wazo la kwanza ni kupunguza SSB, zile ishara za usawazishaji zinazoiwezesha simu kuukuta mnara.

Punguza tu. Ila simu inayoingia mtandaoni huuambia mnara "nimekusikia kupitia mwale huu" kwa kuchagua nafasi ya RACH (njia ya simu kubisha hodi kwa mnara) iliyopangiwa mwale huo. Ukigusa miale, upangaji huo unabadilika hata kama hukugusa parameta hata moja ya RACH.

Hatua ya 1: Jua unachogusa

Kupunguza SSB kuna sura tatu: kurefusha kipindi (muda kati ya urushaji mmoja na mwingine), kuzima miale, kushusha nguvu.

Kipindi ndicho chepesi. Viwango ni milisekunde 5, 10, 20, 40, 80 na 160, na kukirefusha hakuhamishi nafasi za RACH, kwa kuwa upangaji hufuata idadi ya miale inayorushwa. Shida yake iko kwingine: simu inayowashwa hutafuta mtandao ikidhani SSB inarudi kila milisekunde 20. Kwa seli ambayo simu zinaanzia kuingia, mimi sivuki 20. Hizo 40 na 80 ziachie seli ya kuongeza uwezo, na dirisha la SMTC (muda ambao simu huelekezwa kupima SSB) kwenye seli jirani lifuate, la sivyo simu zitapima hewa tupu.

Hatua ya 2: Hesabu nafasi kabla ya kuzima mwale

Hapa usiharakishe. Chukua PRACH, chaneli inayobeba RACH hewani, inayorudi kila fremu, yaani milisekunde 10, msg1-FDM (idadi ya nafasi zinazokaa sambamba kwenye masafa) ikiwa 1, mwale mmoja kwa kila nafasi. Miale nane inataka nafasi nane, kwa hiyo simu inaweza kungoja hadi milisekunde 80 nafasi ya mwale wake irudi. Weka msg1-FDM 4: kila fremu inapata nafasi nne, mzunguko unakamilika kwa milisekunde 20.

Sasa zima miale miwili, ibaki sita. Nafasi nne za fremu moja hazitoshi, kwa hiyo mzunguko unabaki fremu mbili zenye nafasi nane. Sita zinatumika, mbili zinakaa bure, kwa sababu TS 38.213, waraka wa 3GPP, shirika linaloweka viwango vya simu, hairuhusu kujaza nafasi zilizobaki kwa mzunguko usiokamilika. Upande wa RACH hujapata kitu. Zima minne badala yake na mzunguko unashuka hadi milisekunde 10, hakuna nafasi inayopotea. Ukitaka, rudisha msg1-FDM 2: mzunguko ni 20 tena, na masafa uliyookoa yanakwenda kwenye data. Ndiyo maana usiku napendelea miale minne mipana kuliko sita myembamba.

Kingine: miale huhesabiwa kwa mpangilio wa namba, ile inayorushwa tu. Ukizima mwale namba 2, namba 3 unachukua nafasi yake na iliyofuata yote inasogea, kama daladala kwenye foleni ya stendi. Simu yenye SIB1 (taarifa za seli zinazotangazwa na mnara) ya zamani itabisha kwa mwale 3 mahali ambapo mnara sasa unasoma mwale 4, na jibu litarushwa upande usio wake.

Hatua ya 3: Nguvu

Simu hupata upotevu wa njia, yaani ishara ilivyofifia njiani, kwa kuchukua ss-PBCH-BlockPower (nguvu ya SSB) iliyotangazwa na kutoa kiwango ilichopokea. Ukishusha nguvu desibeli 3 ukasahau kubadili namba hiyo, kila simu itapaza sauti desibeli 3 zaidi bila sababu. Shusha pia rsrp-ThresholdSSB (kizingiti cha ishara ambacho simu hutumia kuchagua mwale) kwa kiasi hichohicho.

Hatua ya 4: Umbali

Mwale uliotanuliwa ukiinuka kidogo tu, kutoka Marangu utatua mbali kuliko ulivyopanga. Priambuli, ile ishara fupi ambayo simu hubishia hodi, ya fomati 0 inavumilia kilomita 14 na nusu hivi. Simu iliyo mbali zaidi bondeni itausikia mnara vizuri kabisa, lakini priambuli yake itafika imechelewa. Kuongeza Ncs (hatua inayotenganisha priambuli za mzizi mmoja, yaani mfuatano mmoja wa msingi) kutoka 93 hadi 119 kunasogeza mpaka kuelekea ukomo huo, ila kila mzizi sasa unatoa priambuli 7 badala ya 9, na priambuli 64 za seli zitahitaji mizizi 10 badala ya 8, isiyogongana na ya majirani. Inamisha antena kwanza.

Hatua ya 5: Badilisha, kisha soma kaunta

Miale na SIB1 vibadilike pamoja, mwanzoni mwa kipindi cha mabadiliko, baada ya kuzitaarifu simu kwa systemInfoModification, tangazo kwamba taarifa za seli zitabadilika. Ukiwa na kizidishi 2 na mzunguko wa kuita simu wa fremu 128, kipindi hicho ni sekunde 2.56. Asubuhi unaporudisha miale nane, fuata utaratibu huohuo.

Kisha linganisha priambuli zilizopokewa na Msg3 (ujumbe ambao simu hutuma baada ya kujibiwa), kwa kila mwale peke yake. Priambuli nyingi na Msg3 chache kwenye miale iliyosogea tu: SIB1 na kinachorushwa havilingani. Hali hiyo ikitokea kwenye miale yote, rudi kwenye nguvu. Na kama simu zinazoingia zina taiming advansi (kiasi cha kuwahisha urushaji kulingana na umbali) kubwa zilizorundikana ukingoni, tatizo ni umbali. Kugusa powerRampingStep (nguvu inayoongezwa kila simu inapojaribu tena) hakutasaidia chochote.