Ukifika Locorotondo, Usianze na Kamera

Locorotondo, kule Puglia kusini mwa Italia, unaumaliza kwa miguu kwa nusu saa. Ni duara la nyumba nyeupe za chokaa juu ya kilima, kama mita 400 kutoka usawa wa bahari; jina lenyewe lina maana ya mahali pa mviringo. Wageni hufika asubuhi, wakapiga picha maua ya kwenye roshani, saa sita mchana wako mji jirani wa Alberobello. Mimi nilikaa pale miaka mitatu nikimtunza bibi mmoja. Hao hawajauona mji.

Anza na salamu. "Ciao" ni ya marafiki na watoto. Mtu mzima usiyemjua mwambie "buongiorno", na watu wakishakula cha mchana, hata kama jua bado ni kali, geuza iwe "buonasera". Dukani salimia wote waliomo, si muuzaji peke yake. Mlangoni pa mtu sema "permesso", ambayo ndiyo hodi yao, na usivuke kizingiti mpaka ukaribishwe.

Halafu jiandae kwa swali. Wazee watakuuliza "a chi appartieni?", yaani wewe ni wa nani? Mara ya kwanza niliudhika, nikajibu mimi si wa mtu. Kumbe wanataka tu kujua wakuweke wapi: ukoo upi, nyumba ipi. Taja nyumba uliyofikia au mtu anayekufahamu. Siku nilipomtaja bibi yangu, muuza mboga aliniongezea nyanya mbili baada ya kupima.

Kuanzia saa 7 mchana hadi kama saa 11 jioni ni controra. Mji unalala. Usibishe hodi, usipige simu, na tafadhali usiburute sanduku la magurudumu kwenye vichochoro vya mawe. Niliwahi kufanya hivyo. Madirisha matatu yalifunguka, na hakuna aliyenitukana, walinitazama tu. Bora wangetukana.

Muda huo tazama mapaa. Yanaitwa cummerse: yameinuka kwa mteremko mkali, yameezekwa kwa vibapa vya mawe ya chokaa, na maji ya mvua hutiririka hadi kwenye birika chini ya nyumba, maana eneo hilo halina mito ya kutegemea. Bibi hakumwaga maji aliyooshea zabibu hata siku moja.

Jioni nenda Via Nardelli. Wenyeji wanaiita "lungomare", barabara ya ufukweni, na bahari haipo! Kilichopo chini yako ni bonde la Itria: mizabibu, mizeituni, kuta za mawe, na vichwa vya trulli, zile nyumba za mawe zenye paa la pia. Tembea taratibu, rudi, tembea tena. Divai nyeupe ya hapo iagize baadaye.

Asubuhi soma kuta. Mtu akifa hubandikwa bango lenye jina lake na majina ya wafiwa. Bibi alinituma kulisoma kabla hata ya kununua mkate, na nikirudi lazima nimtajie jina, ukoo na saa ya misa. Mwaka wa tatu nikalisoma lake. Mwisho kabisa wa orodha, baada ya wajukuu, walikuwa wameniandika na mimi. Jina langu wamelikosea herufi moja.