Chaja moja ya simu, laptopu na gemu: soma haya maandishi madogo kabla hujatoa hela

Wakuu, sasa hivi karibu kila kifaa kipya kinakuja na tundu la USB-C. Umoja wa Ulaya ndo walikaza zaidi, tangu 28 Desemba 2024 simu, tableti, kamera, hedifoni na hata mashine za gemu za kushika mkononi zinazoingia sokoni kwao lazima zichajiwe kwa USB-C, laptopu nazo zikapangiwa 28 Aprili 2026. Apple walishasalimu amri kabla, iPhone 15 ya Septemba 2023 ikaachana na Lightning, lile tundu lao wenyewe, na sidhani kama kuna kampuni inayotaka kutengeneza simu ya Ulaya na simu ya kwingine kisa tundu, kwa hiyo na sisi wengine tumefaidika.

Shida ni kwamba watu wameanza kuamini pini ikiingia basi mambo yako sawa. Hapana. Pini kuingia maana yake imeingia tu, haikuambii inapitisha wati ngapi, inahamisha faili kwa spidi gani, inatoa picha kwenye TV au haitoi. Ndo maana mtu ananunua kichwa kikubwa cha chaja, anachomeka simu, inachaji taratibu vilevile kama zamani, anaanza kulaumu simu.

Anza na kifaa chako, usianze na chaja. Tafuta kwenye tovuti ya kampuni simu yako inapokea wati ngapi mwisho na kwa mfumo upi. Hilo la mfumo ndo watu wanaruka. Ipo USB Power Delivery, tuiite PD, huu ni wa wote. Ndani ya PD kuna kitu kinaitwa PPS, chaja inapandisha na kushusha volti kidogo kidogo kufuata betri inavyotaka, simu za Samsung za juu zinautaka huu ili zichaji kwa 25W au 45W. Halafu kuna mifumo ya kampuni yenyewe kama SUPERVOOC ya OPPO na OnePlus au HyperCharge ya Xiaomi, hizo namba kubwa za 80W, 120W unazoziona kwenye matangazo zinapatikana kwa kichwa na waya wa kampuni hiyo. Ukichomeka chaja ya PD simu itachaji, ila kwa wati pungufu. Kwa hiyo kama simu yako ni ya hivyo na chaja yake ilikuja kwenye boksi, itunze hiyo, usiiache ovyo eti utanunua nyingine yoyote.

Na usiogope chaja ya wati nyingi. Hili swali linaulizwa kila siku, "chaja ya laptopu ya 100W haitaunguza simu?" Haiunguzi, kama ni chaja nzima isiyo feki. Chaja ya PD na simu wanapatana kwanza kama muuzaji na mnunuzi, chaja inataja volti ilizonazo, simu inachagua inayoiweza, na mpaka wakubaliane umeme hautoki zaidi ya 5V. Simu inayopokea 25W itachukua 25W hata ukiipa chaja ya 240W.

Sasa geuza kichwa cha chaja usome yale maandishi madogo madogo. Mstari unaoutafuta unaanza na neno Output, mbele yake kuna kitu kama 5V 3A, 9V 3A, 15V 3A, 20V 3.25A. Zidisha volti kwa ampea unapata wati, hiyo ya mwisho ni 65W. Laptopu nyingi zinataka 20V, kwa hiyo chaja inayoishia 9V laptopu yako ama itaikataa kabisa ama itaandika chaja ni ya polepole, usitegemee miujiza. PPS yenyewe inaandikwa kwa mtindo wa kuanzia na kuishia, mfano 3.3-11V 3A. Kama mstari huo haupo na simu yako ni Samsung ya kutaka PPS, iache hiyo chaja hata kama kwa nje wameandika FAST kubwa namna gani.

Zenye matundu mengi zina ujanja wake. Ile namba kubwa mbele ya boksi ni ukitumia tundu moja peke yake. Ukichomeka na ya pili wanagawana, chaja ya 65W unaweza kukuta inatoa 45W upande mmoja na 20W mwingine, na nyingi ukichomeka kifaa cha pili zinakata wote sekunde moja kisha zinapanga upya, usishtuke ukisikia simu imelia kama imechomolewa. Migao hiyo imeandikwa kwenye kichwa kulekule au kwenye karatasi ya ndani. Kuhusu GaN, ni aina ya malighafi ya ndani inayofanya kichwa kiwe kidogo na kisipoteze umeme mwingi kwa joto, ni nzuri, lakini haikuambii wati wala PPS, soma mstari wa Output vilevile.

Tuje kwenye waya, na hapa nitakaa kidogo maana waya ndo unaoharibu hesabu za watu wengi. Waya wa C kwenda C, yaani pini ya USB-C pande zote mbili, ulio sawa unabeba ampea 3, yaani mwisho 60W. Ukitaka zaidi ya hapo lazima uwe wa ampea 5 wenye chipu ndogo ndani ya pini, ile chipu inaiambia chaja "mimi naweza". Bila chipu chaja haithubutu kuzidisha. Ndo maana mtu ana laptopu ya 100W, chaja ya 100W, na inachaji kwa 60W, kumbe waya aliutoa kwenye boksi la simu. Samsung ya 45W nayo iko hivyohivyo, inataka waya wa ampea 5 wakati 45W ni chini ya 60, sababu yake ni kwamba inavuta ampea zaidi ya 3 kwa volti ndogo. Siku hizi nyaya nzuri zimeandikwa kabisa 60W au 240W kwenye pini au boksi. Ukikuta wa 240W bei haijapishana sana na ule mdogo, chukua huo umalize.

Alafu kuna spidi ya data, ambayo haina uhusiano na wati. Naomba hii uisome mara mbili. Waya wa 240W unaweza kuwa na spidi ya USB 2.0, yaani megabiti 480 kwa sekunde, spidi ya mwaka 2000. Hata iPhone 15 Pro inayoweza gigabiti 10 kwa sekunde, waya wa kwenye boksi lake ni wa USB 2.0. Piga hesabu, video za GB 50 kwa megabiti 480 ni kama dakika 14 kama kila kitu kimeenda vizuri kabisa, na huwa hakiendi, wakati kwa gigabiti 10 ni chini ya dakika moja kwa hesabu hiyohiyo ya karatasi. Na iPhone 15 na 16 za kawaida zenyewe ndani ni USB 2.0, hapo hata ununue waya wa dhahabu. Kwa hiyo jiulize waya ni wa kuchaji au wa kuhamisha faili na kutoa picha. Wa kuchaji chagua mrefu na laini, wa data chagua ulioandikwa 10Gbps au 40Gbps, utakuwa mfupi na mgumu kidogo, ndo ulivyo.

Nyaya za bei ya kutupa, hasa za A kwenda C (A ni ile pini pana ya zamani), ziangalie kwa jicho la pili. Mwaka 2015 injinia mmoja wa Google, Benson Leung, alianza kuzipima nyaya zilizokuwa zinauzwa mtandaoni na kuandika zipi hazifuati kanuni, mwanzoni mwa 2016 moja ikamuulia laptopu ya Chromebook Pixel aliyokuwa anapimia, ndani nyaya zilikuwa zimeungwa kinyume. Baadaye mwaka huohuo Amazon wakapiga marufuku nyaya za USB-C zisizofuata kanuni. Hali imekuwa nafuu tangu hapo ila hazijaisha.

Kuna na hii kero: umenunua kitochi, spika ndogo au mashine ya gemu za zamani, ina tundu la USB-C, unachomeka kwa waya wa C kwenda C haichaji kabisa, unadhani imekufa. Haijafa. Mtengenezaji amebana matumizi hakuweka zile rezista mbili ndogo zinazoiambia chaja kuna kifaa hapa, na chaja ya C bila kuambiwa haitoi umeme. Tumia waya wa A kwenda C na kichwa cha kizamani, itachaji. Waya mmoja wa hivyo bakiza ndani, usitupe wote.

Haya wachezaji wa gemu. Kucheza huku unachaji kunafanya simu ipate moto mara mbili, prosesa inapika kwa ajili ya gemu na betri inapika kwa kupokea chaji, joto likizidi simu inapunguza spidi ya prosesa yenyewe ili ijilinde, ndo unaona gemu iliyokuwa inateleza inaanza kukwamakwama katikati ya mechi. Dawa yake ni umeme upite moja kwa moja kwenda kwenye simu bila kugusa betri. Simu za gemu kama ROG Phone za ASUS zina kitu hicho kwenye setingi. Samsung waliileta 2023 kwenye simu za S23, fungua gemu, ingia Game Booster, tafuta "Pause USB Power Delivery", washa. Inataka chaja ya PD yenye PPS ya 25W kwenda juu na betri iwe zaidi ya asilimia 20, usipoona hiyo setingi kabla hujasema simu yako haina hebu badilisha chaja kwanza.

Kama simu yako haina kabisa, fanya hivi: chaji mpaka 80 hivi kabla hujaanza, chomoa, cheza. Ukilazimika kucheza imechomekwa, tumia chaja ya wati ndogo badala ya ile kali, toa kava, punguza mwanga wa kioo, shusha fremu za gemu kutoka 120 kwa sekunde kwenda 60. Kava hasa, watu wanashangaa simu inaungua na imevalishwa koti la mpira nene. Hizo feni za kubandika mgongoni zinasaidia kweli, mimi naziona mbaya kwa macho tu. Na ukinunua kontrola ya kubana simu pande mbili, hakikisha ina tundu lake la kupitishia chaji, maana inaziba tundu la simu, Backbone One kwa mfano inalo.

Hedifoni za waya kwa haraka haraka: adapta ya USB-C kwenda kwenye jeki ya duara ziko aina mbili, yenye chipu ya sauti ndani na isiyo nayo. Isiyo nayo kwenye simu kama iPhone, Pixel au Samsung mpya itakaa kimya tu. Nunua iliyoandikwa ina DAC, ndo hiyo chipu ya sauti, yamekwisha.

Kutoa picha kwenye monita au TV nako tundu si ushahidi. Tafuta maneno DisplayPort kwenye sifa za simu au laptopu. iPhone 15 na kuendelea zinatoa, Samsung za S zinatoa, simu nyingi za bei ya chini hazitoi na hakuna adapta ya kawaida itakayozifanya zitoe. Waya nao uwe wa data, ule wa kuchajia wa USB 2.0 haupitishi picha.

Mwisho pawabenki. Namba ya mAh imehesabiwa kwa volti 3.7 za betri za ndani, wakati inatoa 5V au 9V, na katika kubadilisha kuna umeme unapotea kama joto. Pawabenki ya 10,000mAh ni 37Wh (Wh ni wati-saa, kipimo cha umeme uliomo ndani), simu ya 5,000mAh ni kama 19Wh, ukitoa kinachopotea njiani unaichaji mara moja na nusu hivi au pungufu, si mara mbili kama unavyoahidiwa. Ukitaka ichaji laptopu angalia tena mstari wa Output una 20V au hauna, mAh nyingi bila 20V hazikusaidii.

Unayesafiri kwa ndege, angalia Wh. Kikomo cha kawaida ni 100Wh bila kuomba ruhusa, kama 27,000mAh, kati ya 100 na 160 unaomba shirika, na inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo. Tangu ndege ya Air Busan iungue uwanjani Busan Januari 2025 mashirika yamekuwa makali, Emirates kuanzia 1 Oktoba 2025 unabeba moja tu na huruhusiwi kuitumia angani, na China tangu 28 Juni 2025 ndege za ndani hazipokei isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China, inayosomeka. Juni hiyohiyo Anker, kampuni ya pawabenki, waliita pawabenki zaidi ya milioni 1 za modeli A1263 zirudishwe kwa hatari ya moto, kwa hiyo geuza yako usome namba ya modeli, kisha uitafute kwenye tovuti ya mtengenezaji. Na ikiwa imevimba, hata kidogo, usiichaji tena wala usiitoboe, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto mpaka uipeleke wanapopokea betri mbovu.