Kuitoa CD Iliyokwama Katika Redio ya Gari la Zamani

Magari mengi yanayotembea Malindi, hasa ya Kijapani yaliyoingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, bado yana redio yenye tundu la CD. Mara nyingi ndani ya tundu hilo mna kitu ambacho mwenye gari hawezi kukipata tena popote: taarabu iliyorekodiwa harusini, mawaidha ya sheikh aliyekwisha kufariki, au nyimbo za kwaya ambazo hazikuwahi kuwekwa kwenye intaneti. Kwa hiyo CD inapokwama, cha kuokolewa kwanza ni CD yenyewe. Redio nyingine hupatikana kwa fundi, lakini rekodi ya namna hiyo haipatikani.

Ni muhimu kujua sauti imehifadhiwa wapi. Wengi huulinda upande unaong'aa wakidhani upande wenye maandishi hauna neno, na hali ni kinyume chake. CD ina unene wa milimita 1.2, na karibu wote ni plastiki angavu ambayo leza hupenya kutoka chini. Tabaka jembamba linaloakisi mwanga limekaa juu kabisa, chini ya rangi na maandishi, na kinacholikinga ni utando mwembamba tu. Mkwaruzo wa upande wa chini mara nyingi huweza kung'arishwa ukaisha, lakini wa juu ukilifikia tabaka hilo hauna dawa. Kwa kuwa katika gari CD huingizwa maandishi yakiwa juu, kisu au bisibisi inayochokolewa tunduni hupita pale pale pasipostahimili kuguswa. Wako pia wanaoshauri kuingiza kijiti kilichozungushiwa selotepu ili CD inate itoke. Ushauri huo siukubali, kwani kwa CD zilizorekodiwa nyumbani gundi huweza kulibandua tabaka lote, na sauti ikaondoka nalo.

Hapa pwani sababu za kukwama zinajulikana. Gari likishinda juani, karatasi iliyogundishwa juu ya CD huinuka ukingoni na kunasa. Vumbi na unyevu hufanya roli za mpira zinazovuta CD ziteleze. Na mara nyingine watoto wametumbukiza sarafu. Zipo pia CD ndogo za sentimita 8, ambazo redio nyingi zilizotengenezwa kwa CD za sentimita 12 haziwezi kuzirudisha zikishazimeza.

Anza na njia isiyogusa kitu. Egesha gari kivulini, chini ya mkungu au mwembe, ufungue madirisha hadi dashibodi ipoe, kisha uwashe injini. Betri iliyochoka haiupi mtambo wa redio nguvu ya kutosha, lakini injini ikiwaka umeme hupanda kutoka volti 12 hadi karibu 14, na tofauti hiyo ndogo huweza kutosha. Bonyeza kitufe cha kutolea CD ukishikilie kwa sekunde kumi au zaidi, kwani baadhi ya redio hutafsiri hivyo kuwa ni amri ya kuitoa kwa nguvu. Ukisikia roli zinazunguka bila CD kusogea, ikandamize dashibodi juu ya redio kwa kiganja, taratibu, huku ukibonyeza tena. Usiigonge, maana CD ikiwa inazunguka itakwaruzwa.

Isipotoka, kata umeme wa redio ili iamke upya. Zima gari, toa ufunguo, utafute fyuzi ya redio kwa kufuata mchoro ulio kwenye kifuniko cha kisanduku cha fyuzi, uichomoe kwa dakika kumi na tano hivi, kisha uirudishe na kujaribu tena. Wengine hufungua terminali hasi ya betri. Kabla ya kufanya lolote kati ya hayo mawili, hakikisha kwamba redio haina msimbo wa ulinzi, kwa sababu baadhi ya redio zikikosa umeme wote hujifunga, na zile zilizotoka Japani huuomba msimbo huo kwa Kijapani. Kama huna karatasi yenye msimbo huo, iache fyuzi na betri kama zilivyo.

Kwa redio ya CD moja tu, ipo njia ya kutumia CD nyingine isiyo na thamani. Iingize sentimita mbili au tatu juu ya ile iliyokwama, bonyeza kitufe cha kutolea, na uiinue CD ya juu kidogo sana ili ile ya chini ikandamizwe kwenye roli. Jaribu mara chache tu, bila kulazimisha. Redio inayobeba CD sita usiifanyie hivi kabisa, kwa kuwa sinia zake hupandana na utazikwamisha zote.

Hatua ya mwisho ni kuitoa redio kwenye dashibodi na kukifungua kifuniko chake cha juu. Hiyo ni kazi ya fundi wa redio, si ya kila fundi wa gari. Mweleze mapema kwamba unaitaka CD ikiwa nzima, hata kama redio itaharibika, maana asipoambiwa atailinda redio. Akishafungua, huzungusha gia kwa kidole hadi CD ijisogeze yenyewe. Ukiamua kuifanya mwenyewe, fungua terminali hasi kwanza, tumia vibanio vya plastiki, na nyaya zenye soketi za manjano usiziguse, kwani kwa kawaida ni za mifuko ya hewa (airbag).

CD ikishatoka, ishike ukingoni, ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, bila kuzungusha, na siku hiyo hiyo uinakili kwenye kompyuta na kwenye flashi. Karatasi iliyoinuka usiibandue. Iache hadi nakala ikamilike. Redio nayo ijaribu kwanza kwa CD usiyoijali, ukiiingiza na kuitoa mara kadhaa, na ile ya thamani isirudi humo tena.